Ardhi, Upepo na Mkono Mlegevu: Kazi na Ndoto Tupu katika Kitabu cha Mithali

Kitabu cha Mithali kina aya mbili zinazofanana kama mapacha. Moja imo katika sura ya 12, aya ya 11. Nyingine imo katika sura ya 28, aya ya 19. Katika Kiebrania nusu ya kwanza ya aya zote mbili ni moja: mwenye kuishughulikia ardhi yake hakosi cha kula. Nusu ya pili nayo inaanza kwa maneno yale yale, yaani inamtaja mtu anayekimbiza kitu kiitwacho reqim. Ni mwishoni tu ndipo ndugu hawa wawili wanapoachana. Katika sura ya 12 mtu huyo anaambiwa kuwa amepungukiwa na moyo. Katika sura ya 28 anaambiwa kuwa atapata umaskini hadi ashibe.

Wahubiri wengi huzichukua aya hizi kama fundisho moja dhidi ya uvivu, kisha huendelea na mengine. Makala haya yanapendekeza zisomwe polepole zaidi. Kwanza, mtu wa nusu ya pili si mvivu hata kidogo. Pili, maneno yanayomweleza yamewasumbua watafsiri kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na usumbufu huo unamhusu msomaji wa Kiswahili wa Kongo kwa namna ya pekee. Tatu, matumizi ya aya hizi katika historia ya nchi hii hayajawa safi, na mhakiki hawezi kulifumbia macho jambo hilo.

Nani anakimbiza, na anakimbiza nini?

Neno reqim ni wingi wa kitu kitupu. Sarufi ya Kiebrania inaruhusu usomaji wa aina mbili: vitu vitupu, au watu watupu. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 9 na ya 11, neno hilo linawataja watu ovyo wanaokodiwa na Abimeleki au wanaojikusanya kwa Yeftha. Kwa sababu hiyo Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliandika habari za watu wasio na maana mahali pote pawili, ilhali Louis Segond, ambaye Biblia yake ya Kifaransa inasomwa sana katika makanisa ya Kiprotestanti nchini Kongo, alichagua vitu visivyo na maana. Watafsiri wa Kiingereza wa karne ya ishirini walisogea mbali zaidi, wengine wakiandika kabisa kwamba mtu huyo anakimbiza ndoto. Hapo ndipo lilipozaliwa fundisho lililozoeleka leo, kwamba Mithali inapinga ndoto za mchana. Fundisho lenyewe si potofu, lakini neno ndoto halimo katika aya hizo.

La kushangaza zaidi ni walivyofanya watafsiri wa kale. Wale wa Septuaginta, yaani tafsiri ya Kigiriki iliyofanywa kabla ya Kristo, waliandika katika sura ya 12 neno mataia, yaani mambo ya ubatili. Walipofika sura ya 28, mbele ya maneno yale yale ya Kiebrania, waliandika skhole, yaani nafasi ya kupumzika, wakati usio na kazi. Hieronimo katika Vulgata yake ya Kilatini alifuata njia hiyo ya pili mahali pote pawili, akaandika otium. Hivyo, kwa muda wa karne nyingi, Wakristo wa magharibi walisoma kwamba kinyume cha mkulima ni mtu anayefuata mapumziko. Mkimbizaji akageuzwa kuwa mlala hoi kitandani.

Hapa kuna hasara kubwa ya kifasihi. Kitenzi cha Kiebrania ni kikali: ndicho kinachotumiwa kwa askari anayemwandama adui, au mwindaji anayemfukuza mnyama. Mtu huyo anatoka jasho. Pengine anaamka kabla ya mkulima na kurudi nyumbani baada yake. Tofauti ya wawili hao haiko katika wingi wa juhudi, bali katika kile ambacho juhudi inaelekezwa kwake: mmoja ameinamia udongo ambao ni wake, mwingine amenyoosha mikono kuelekea kitu ambacho kikishikwa hakijazi kiganja. Ndiyo maana hukumu ya sura ya 12 haisemi kwamba mtu huyo amepungukiwa na nguvu. Inasema amepungukiwa na moyo. Na moyo, katika Kiebrania, ndio makao ya akili. Tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile iitwayo Union Version, ilifanya vema kutumia neno akili mahali hapo, kwa kuwa moyo wa Kiswahili ungemfanya msomaji afikirie ushujaa au huruma. Tena akili ni neno lenye historia inayofaa: asili yake ya Kiarabu inatokana na mzizi wa kufunga, kama afungwavyo ngamia mguu ili asipotee. Mwenye kukimbiza upepo ni mtu aliyekatika kamba.

Kuna jambo jingine ambalo Kiswahili kingeweza kulihifadhi vizuri kuliko Kifaransa au Kiingereza. Katika aya ya sura ya 28, kitenzi cha mkulima na kitenzi cha mkimbizaji ni kimoja. Mkulima anashiba chakula. Mkimbizaji naye anashiba, lakini anashiba umaskini. Mtunzi anatania, na utani wake una meno. Kitenzi cha Kiebrania sava ni ndugu wa shabia ya Kiarabu, ambayo wanaisimu wengi wanaihusisha na kushiba ya Kiswahili. Kwa maneno mengine, lugha ya Kiswahili inacho kitenzi kile kile, cha ukoo ule ule, na kinafanya kazi ile ile katika mzaha. Tafsiri inayosema tu kwamba mmoja ana chakula kingi na mwingine ana umaskini mwingi inatoa maana na kuacha kicheko.

Kutumika

Kuhusu mkulima, Kiebrania hakitumii kitenzi cha kulima kwa maana finyu ya kupasua udongo. Kinasema oved, kutoka mzizi unaozaa pia neno eved, mtumwa au mtumishi. Mtu huyo anaitumikia ardhi. Mzizi huu ndio unaopatikana katika Mwanzo, sura ya 2, pale mwanadamu anapowekwa bustanini ili aishughulikie.

Msomaji wa Lubumbashi, Kolwezi au Likasi anaweza kulifikia wazo hili kwa mlango ambao msomaji wa Dar es Salaam hana. Katika Kiswahili cha Katanga, kutumika ni kufanya kazi. Mtu hutumika mgodini, hutumika sokoni, hutumika shambani. Katika Kiswahili sanifu cha mashariki kitenzi hicho kimebaki zaidi na maana ya kuwa chombo cha matumizi, au ya kuwa mtumishi wa mtu. Walimu wa sarufi hupenda kulisahihisha neno hilo katika insha za wanafunzi, nao wana haki ya kufanya hivyo pale ambapo usanifu unatakiwa. Hata hivyo, kwa aya inayohusika hapa, Kiswahili cha Katanga kiko karibu zaidi na Kiebrania kuliko Kiswahili sanifu: ndani ya neno moja kuna kazi, na ndani ya kazi kuna kutumwa.

Jambo hili si la sarufi pekee. Katika miaka ya 1950 Padre Placide Tempels, ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilikuwa kimetoka mwaka 1945, alianzisha huko Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa migodi na wake zao, mwendo wa kiroho ulioitwa Jamaa, ambao mafundisho yake yalitolewa kwa Kiswahili. Mwaka 1973 Johannes Fabian alichapisha makala juu ya dhana ya kazi kati ya wafuasi wa mwendo huo, na kichwa cha makala hiyo kilianza kwa neno lenyewe la Kiswahili: Kazi. Yaani swali la maana ya kazi mbele ya Mungu limekwisha kuulizwa Katanga, kwa lugha ya hapa, na watu waliokuwa na mavumbi ya shaba mikononi. Uhakiki wa Mithali unaoandikwa katika eneo hili hauna sababu ya kuanza kana kwamba uwanja ni mtupu.

Picha za mvivu

Mvivu halisi wa Mithali ni mtu mwingine. Neno la Kiebrania linalomtaja, atsel, linapatikana mara 14, na mara zote hizo zimo katika kitabu hiki kimoja. Ni mhusika wa kudumu, kama sungura au fisi katika hadithi za jioni. Msomaji anapomwona akiingia anajua kuwa kutakuwa na kicheko. Katika sura ya 26 anazunguka kitandani kama mlango kwenye bawaba zake: anatembea sana bila kufika popote. Anatia mkono katika bakuli na kuona taabu kuurudisha kinywani. Anakataa kutoka kwa sababu ameona simba barabarani. Kisha inakuja aya ambayo wahubiri huipita haraka, nayo ni kali kuliko zote: mtu huyo anajiona ana hekima kuliko watu saba wenye kujibu kwa busara. Hapo uvivu unaacha kuwa ugonjwa wa mikono na kuwa ugonjwa wa fikira. Simba wa barabarani si uongo wa kawaida, ni hoja. Mvivu ana hoja daima.

Kipande kilicho bora kuliko vyote katika kundi hili kimo katika sura ya 24, aya ya 30 hadi ya 34. Msimulizi anapita kando ya shamba la mizabibu. Anaona miiba, anaona magugu, anaona ukuta wa mawe ulioanguka. Mwenye shamba haonekani. Hatukanwi, haulizwi, hata jina hana. Kuna shamba tu linalomshuhudia. Msimulizi anasimama, anatazama, anatia moyoni. Baada ya utulivu huo ndipo unapokuja wimbo mdogo wa usingizi, ambao umo pia katika sura ya 6, nao unaishia kwa umaskini unaofika kama mnyang'anyi. Ufundi wa kipande hiki uko katika kutokuwepo kwa mhusika mkuu. Wahubiri wanaomjaza mvivu huyo maneno na sauti wanaharibu kitu.

Sura ya 20, aya ya 4, inaleta shida ya aina nyingine, nayo ni ya majira. Mvivu halimi wakati wa horef, na wakati wa mavuno anatafuta bila kupata. Tafsiri nyingi zimeandika kwamba anaogopa baridi. Katika nchi ya Palestina sababu hiyo inaeleweka: mvua huanza Oktoba au Novemba, ndipo jembe la ng'ombe linapoingia ardhini, na miezi ya mvua ndiyo miezi ya baridi. Shayiri na ngano huvunwa kati ya Aprili na Juni. Kalenda ya Gezer, maandishi madogo juu ya jiwe la chokaa yaliyogunduliwa mwaka 1908 na yanayokadiriwa kuwa ya karne ya kumi kabla ya Kristo, inapanga miezi ya mkulima kwa mfuatano kama huo. Sasa, kwa bahati ya ajabu, mkulima wa Katanga ya kusini anapanda na kuvuna karibu katika miezi ile ile: anapanda mvua zinapoanza mnamo Novemba na kuvuna mahindi Aprili au Mei. Lakini upande huu wa ikweta mvua huja na joto, na baridi huja Juni na Julai, wakati jembe limepumzika kwa haki. Mwanafunzi wa Lubumbashi anayesoma kwamba mvivu hakulima kwa sababu ya baridi anaweza kumwona mtu huyo kuwa na akili timamu. Mtafsiri wa eneo hili angepaswa kuandika juu ya mvua za kwanza, akiacha kipimajoto.

Mdudu wa sura ya 6 naye ana mkasa wake. Tafsiri ya 1952 inamtuma mvivu kwa chungu. Ni neno sahihi la pwani kwa mdudu mdogo aendaye kwa mistari, lakini mbali na pwani chungu ni cha kupikia, au ni ladha ya kwinini. Sisimizi angeeleweka zaidi. Siafu angemtisha mvivu kuliko kumfundisha. Na mchwa, ambaye ndiye mjenzi mkuu katika mandhari ya Katanga kwa vichuguu vyake virefu, si mdudu wa ukoo huo kabisa. Mdudu wa Kiebrania, nemala, anatajwa mara mbili tu katika Biblia yote, hapa na katika sura ya 30, na tabia yake ya kukusanya nafaka inalingana na sisimizi wavunaji wa mbegu wanaojulikana katika nchi za Bahari ya Kati. Wagiriki wa Septuaginta hawakuridhika na mdudu mmoja. Baada ya aya ya 8 waliongeza nyuki, ambaye hayumo katika Kiebrania, wakimsifu kwa kazi yake inayowafaa wafalme na watu wa kawaida kwa afya. Huenda walikuwa wamezoea kuwaona wadudu hao wawili pamoja, kama Aristotle alivyowaweka katika kitabu chake juu ya wanyama. Nyongeza hiyo inafurahisha, ila inabadilisha hoja. Sisimizi wa Kiebrania anasifiwa kwa sababu anafanya kazi bila mkubwa, bila msimamizi, bila mtawala. Nyuki wa Kigiriki anasifiwa kwa sababu bidhaa zake zinafika mezani kwa mfalme.

Kazi bila msimamizi

Kuhusu wasimamizi, historia ya Kongo inamlazimu mhakiki asimame kwa muda mrefu kidogo. Kilimo cha lazima cha pamba kilianzishwa na serikali ya Kibelgiji mwaka 1917. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji mikono mingi, na usemi wa kwamba mwenyeji ni mvivu kwa tabia ulikuwa sehemu ya kawaida ya lugha ya waajiri na ya maofisa. Katika mazingira hayo mithali juu ya mvivu hazikusomwa kama utani wa wazee wa kijiji cha Yuda. Zilifika pamoja na kengele ya alfajiri na hesabu ya kilo. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1970, utawala wa Mobutu uliwaita raia kwenye Salongo, kazi ya pamoja ya lazima, na tena maneno mazuri juu ya bidii yakasikika kutoka vinywani mwa watu ambao hawakushika koleo.

Mithali yenyewe ina neno kwa hali hiyo, na neno hilo limepewa umuhimu mdogo mno. Sura ya 12, aya ya 24, inasema kwamba mkono wa wenye bidii utatawala, na mkono mlegevu utaingia katika mas. Mas ni kazi ya kulazimishwa na dola. Ni neno lile lile linalotumiwa katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 5, pale Sulemani anapoandikisha watu 30,000 kutoka Israeli yote na kuwapeleka Lebanoni kwa zamu kukata miti. Katika sura ya 12 ya kitabu hicho hicho, mkuu wa mas, Adoramu, anapigwa mawe na watu hadi kufa, na ufalme unagawanyika. Kitabu cha Mithali, kwa aya yake ya kwanza, kinajitambulisha kwa jina la Sulemani. Basi, msomaji makini anakuta jina la mfalme aliyewatia wakulima wenye bidii katika kazi ya lazima juu ya kitabu kinachosema kwamba kazi ya lazima ni malipo ya walegevu. Wale 30,000 hawakuwa wavivu. Walikuwa na mashamba.

Je, hilo linaubatilisha usemi wa aya ya 24? Haliubatilishi, ila linaupa mpaka. Na mpaka huo umechorwa ndani ya Mithali yenyewe. Sura ya 13, aya ya 23, inasema kwamba shamba la maskini lingeweza kutoa chakula kingi, lakini chakula hicho kinafagiliwa na udhalimu. Aya hiyo imesimama sura chache tu mbali na ile ya 10:4, inayosema mkono mlegevu huleta umaskini. Waliokusanya mithali hizi hawakuona haja ya kuzipatanisha. Mithali haidai kuwa sheria ya hesabu. Inadai kuwa kweli pale inapofaa, na hekima ni kujua ni wapi inafaa. Mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ulipobomoka Septemba 1990, na uzalishaji wa Gécamines ukaanguka katika miaka iliyofuata, maelfu ya familia ziliingia umaskini. Kuwasomea watu wale sura ya 10, aya ya 4, kungekuwa kusoma vizuri kwa mtu asiyejua kusoma.

Kiswahili, kwa bahati nzuri, kina neno linalokumbusha tahadhari hiyo. Methali maarufu inasema ajizi ni nyumba ya njaa. Leo ajizi ni ulegevu, uzembe, tabia ya kuahirisha. Lakini katika Kiarabu, lilikotoka, ajz ni kutoweza. Kati ya kutotaka na kutoweza kuna safari fupi ya maana, na neno hilo limeifanya bila kufuta nyayo zake. Kiebrania cha Mithali kina tatizo linalofanana: remiyya, ulegevu wa 10:4 na 12:24, lina umbo moja na neno linalomaanisha udanganyifu. Lugha zote mbili zinaonyesha kwamba mtu anapomtazama mwenzake ameketi bila kazi, hajui bado anaona nini.

Tena si jambo dogo kwamba mvivu wa Mithali, mara zote 14, ni mwanamume. Kitabu kinafungwa kwa utenzi wa aya 22, zinazofuata herufi 22 za alfabeti ya Kiebrania, juu ya mwanamke anayenunua shamba, anapanda mizabibu, anasokota, anauza, na ambaye hali chakula cha uvivu. Wahubiri wa kiume humleta mwanamke huyu kwenye harusi kama mfano wa utii. Aya hazisemi neno juu ya utii wake. Zinasema juu ya biashara yake. Wasomaji wanaokumbuka ni mikono ya nani iliyolisha nyumba za Lubumbashi na Likasi katika miaka ya 1990, mishahara ilipokoma na meza za unga, mkaa na samaki zikajaa kando ya barabara, hawatahitaji ufafanuzi.

Ndoto zenyewe

Kama ndoto hazimo katika Mithali 12:11, ziko wapi? Ziko kwa Mhubiri, sura ya 5, ambapo ndoto zinahesabiwa pamoja na wingi wa shughuli na wingi wa maneno. Mhubiri anasema ndoto huja kutokana na pilikapilika. Kwake yeye mwotaji si mtu aliyelala mno, bali mtu mwenye mambo mengi mno. Na mwandishi huyu, ambaye neno lake hevel, mvuke, linarudi mara 38, hana imani kubwa na kazi pia: katika sura ya 4, mara tu baada ya kumcheka mpumbavu anayekunja mikono, anasifu konzi moja yenye utulivu kuliko konzi mbili zenye taabu. Yoshua bin Sira, anayesomwa na Wakatoliki katika orodha yao ya vitabu vitakatifu, anaenda mbali zaidi. Sura yake ya 34 inasema ndoto huwapa wapumbavu mabawa, na anayezitegemea ni kama anayetaka kukamata kivuli na kuukimbiza upepo. Kitenzi ni kile kile cha kukimbiza. Bin Sira alikuwa akiisoma Mithali.

Lakini Biblia hiyo hiyo ina Yosefu, ambaye ndugu zake wanamwita kwa dharau bwana wa ndoto. Ndoto yake haipingwi na kazi, inaishia ghalani. Katika Mwanzo 41 ndoto ya Farao ya ng'ombe na masuke inageuzwa kuwa mpango: sehemu ya tano ya mavuno, miaka saba, maghala katika miji. Yeremia, katika sura ya 23, anaweka kipimo kwa mfano wa mkulima: ndoto na neno la kweli vinahusiana kama makapi na ngano. Hakuna anayekataza makapi yasiwepo. Yanapatikana kila panapopepetwa.

Kiswahili kimejichagulia mwotaji wake, naye si wa Biblia. Ni Alinacha wa Alfu Lela Ulela, aliyerithi dirhamu mia moja, akanunua vyombo vya kioo, akaketi na kikapu chake sokoni. Akavizidisha kichwani hadi akawa tajiri, akamwoa binti wa waziri, akamfanyia maringo, akarusha teke. Na teke likafika kwenye kikapu. Watu husema ndoto za Alinacha kwa maana ya uvivu wa mchana, kumbe Alinacha alikuwa kazini. Alikuwa na mtaji na alikuwa na meza. Kilichomwangamiza ni mguu wake uliokwenda kuishi katika ndoto kabla yake. Yeye ndiye ndugu halisi wa mkimbizaji wa Mithali, na tafsiri ya Kiswahili ikitaka mfano ulio hai haina haja ya kwenda mbali.

Linabaki neno skhole, ambalo watafsiri wa Kigiriki waliliweka katika Mithali 28:19 kama jina la kile kinacholeta umaskini. Mjukuu wa Bin Sira, aliyekuja Misri mwaka 132 kabla ya Kristo na kukitafsiri kitabu cha babu yake, alilitumia neno hilo hilo katika sura ya 38, aya ya 24, kwa sifa: hekima ya mwandishi inatokana na nafasi yake ya skhole, na mwenye shughuli chache ndiye atakayekuwa na hekima. Kisha anawapita mlimaji, mchonga mihuri, mhunzi na mfinyanzi mmoja mmoja, kwa heshima isiyopatikana katika maandishi ya Kimisri ya Dua-Kheti, ambayo yanawadhihaki mafundi ili kumtukuza karani. Anakiri kwamba bila wao mji haukaliki, lakini hawaiti barazani. Kutoka skhole ya Kigiriki likatoka schola la Kilatini, kisha Schule la Kijerumani, na hatimaye shule ya Kiswahili. Kongo husema masomo, na hivyo huficha ukoo huo. Lakini mama anayeuza unga Kenya au Katuba ili kumlipia mwanawe karo ya chuo kikuu amefanya kile ambacho Bin Sira alikiona wazi: amenunua skhole ya mtu mwingine kwa jasho lake. Kama ameinunua ile ya sura ya 38 ya Bin Sira au ile ya sura ya 28 ya Mithali, hawezi kujua kabla ya miaka mitano kupita.

Kwa mtafsiri, swali la reqim bado liko mezani. Upepo ni la Bin Sira, na ndoto limekwisha kuonekana kuwa si lake. Ubatili limezoeleka kanisani hata halisikiki tena. Neno moja la kila siku halijajaribiwa vya kutosha, nalo ni bure. Kiswahili kinalitumia kwa kitu kisicho na faida, kama katika kazi bure, na kinalitumia pia kwa kitu kisicho na bei. Mwaka 1991 huko Kinshasa iliporomoka michezo ya fedha, Bindo Promotion ikiwa maarufu kati yake, iliyokuwa imewaahidi wenye kuweka akiba faida isiyolingana na biashara yoyote. Waliokuwa wamepanga foleni hawakuwa wamelala. Wengi walikuwa wameuza vitu vyao ili wapate cha kuweka. Walikuwa wakikimbiza cha bure, kwa maana zote mbili za neno hilo, na ni vigumu kupata tafsiri ya nusu ya pili ya Mithali 12:11 iliyo karibu zaidi na Kiebrania chake.